Mwana ataka shahada ya pili ya maliasili? Muulize swali lake

Na Mwandishi Wetu

KUNA mjadala unaozuka katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Mombasa, hasa jioni baada ya chakula. Kijana alifuzu chuo kikuu mwaka juzi. Amekanyaga lami akitafuta kazi hadi soli za viatu zimelika. Faili imejaa nakala za barua za maombi, majibu hayaji. Ndipo siku moja anawaambia wazazi kwamba angependa kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa maliasili.

Baba hushusha kikombe cha chai polepole. "Maliasili? Yaani nilipe karo tena ili ukahesabu miti?" Mama hunyamaza, lakini moyoni anapiga hesabu ya mkopo wa Sacco uliosomesha shahada ya kwanza na ambao bado haujaisha kulipwa.

Baba hana makosa kuuliza. Pesa ni zake, na wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, kuna swali jingine linalopaswa kutangulia hilo la karo: je, kijana huyu ana jambo hasa analotaka kulichunguza, mahali hasa panapojulikana, au anakimbilia darasani kwa kuwa kazi zimekosekana? Katika taaluma hii, jibu la swali hilo ndilo huamua kama pesa zitazaa matunda au zitapotea.

Elimu ya vitu na ya watu

Maliasili ni ile mali ambayo hakuna binadamu aliyeitengeneza: maji, misitu, udongo, malisho, samaki, wanyamapori. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hujifunza vitu vyenyewe, yaani jinsi mti unavyokua, samaki anavyozaana na mto unavyotiririka. Shahada ya uzamili huongeza jambo gumu kuliko yote hayo, nalo ni watu. Nani ana haki ya kukata mti huu? Nani hufaidika ukikatwa, na nani huumia? Mto Ewaso Ng'iro unapokauka kabla ya kuwafikia wafugaji wa nyanda za chini, ni mkulima gani wa juu aliyefungua mfereji, na ni nani mwenye uwezo wa kumwambia aufunge?

Kwa sababu hiyo takwimu na ramani za setilaiti husomwa sambamba na sheria, uchumi na mila. Aidha, mwanafunzi hakosi kukutana na mvutano mmoja mashuhuri. Mwaka 1968 mwanasayansi Mmarekani Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote huishia kuharibika, maana kila mchungaji huongeza ng'ombe wake bila kujali mwenzake. Mmarekani mwingine, Elinor Ostrom, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii nyingi duniani zimetunza mali ya pamoja vizuri kwa kanuni zao wenyewe. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Mkenya hana haja ya kuvuka bahari ili ashuhudie mvutano huo. Waborana wa Isiolo wana wazee wa dedha, ambao hupanga ni wapi mifugo italisha wakati wa masika na ni wapi pataachwa hadi kiangazi. Wamijikenda nao walitunza misitu yao ya kaya kwa miiko, na mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini zipo pia sehemu ambako kanuni za wazee zimevunjika na za serikali hazijashika. Mtafiti anahitajika papo hapo.

Mbuzi aliyepelekwa kortini

Anayedhani kwamba elimu hii ni ya anasa na azuru Marigat, kaunti ya Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wenye asili ya Amerika, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, ulipandwa huko chini ya mradi wa serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema: watu wapate kuni, na ardhi iliyokuwa ikimomonyoka ipate kifuniko. Wenyeji waliubatiza mti huo mathenge.

Mathenge ulifanya kazi yake kupita kiasi. Uliziba njia, ukasonga malisho na kuchoma watu na mifugo kwa miiba yake. Maganda yake matamu yakapendwa na mbuzi, sukari ikanata menoni, meno yakaoza na kung'oka. Wakazi walighadhabika wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu, na miongoni mwa vielelezo vilivyofikishwa Nairobi alikuwamo mbuzi kibogoyo. Wengi walicheka waliposoma habari hiyo magazetini. Mfugaji ambaye mbuzi ndiye benki yake hakuwa na la kumchekesha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali, ulionyesha kwamba mathenge ulikuwa umefunika hekta 882 huko Baringo mwaka 1988. Kufikia 2016 ulikuwa umefunika hekta 18,792. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara ishirini katika muda wa mtoto kuzaliwa hadi kumaliza chuo.

Kila mkazi wa Marigat aliona mti ukienea. Lakini ili kujua unaenea kwa kasi gani, na uanze kukatwa wapi kabla haujavamia bonde jingine, lazima apatikane mtu wa kuufuatilia msimu baada ya msimu. Mifugo hula maganda na kutawanya mbegu kwa kinyesi. Kisiki kikiachwa huchipuka tena. Je, kuukata kwa ajili ya makaa kunaupunguza au kunauongezea machipukizi? Hilo peke yake latosha kuwa tasnifu ya uzamili, na jibu lake lina thamani kwa maelfu ya watu.

Mradi wowote huwa na tarehe yake ya kufungwa, na magari yake huondoka siku hiyo. Ujuzi ukibaki kwa mtu wa hapa nchini, yupo wa kuulizwa mambo yanapoharibika.

Matope ya Gazi

Sasa tuteremke pwani tuone upande wa pili. Kusini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kwale, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Gazi. Mikoko ya ghuba hiyo ilifyekwa sana katika miaka ya 1970 ili kupata kuni za viwandani. Sehemu nyingine zilibaki wazi na hazikuota tena zenyewe.

Mnamo 1991 majaribio ya kupanda mikoko upya yakaanza. Miongoni mwa waliojitosa katika matope hayo alikuwa James Kairo wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Baadaye aliandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu mikoko ya Kenya katika Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, kisha akarejea kazini pwani. Baada yake wamepita Gazi wanafunzi wengi, wa humu nchini na wa ng'ambo. Mmoja hupima miche, mwingine huhesabu kaa na samaki wanaolelewa kwenye mizizi, wa tatu huuliza kina mama ni kuni gani wanazotumia jikoni. Tasnifu moja haibadilishi kijiji. Tasnifu thelathini zilizofanywa mahali pamoja hujenga ujuzi ambao hata mnunuzi wa ng'ambo hawezi kuupuuza.

Na wanunuzi walikuja. Mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, uitwao Mikoko Pamoja, uliidhinishwa mwaka 2013 kuuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Kiasi chake ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yameingia katika maji ya kijiji na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha mradi wao baada ya kuona faida hiyo.

Hesabu hiyo ya tani haikutoka hewani. Mtu aliingia msituni maji yakiwa yamekupwa, akapima unene wa shina la kila mti kwenye kimo cha sentimita 130, akazamisha bomba matopeni na kutoa udongo wa kupelekwa maabara. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo katika tope lenyewe. Mwanafunzi asiyejua kalenda ya bamvua hupoteza siku nzima akisubiri bahari itoke. Asiyejua kwamba wakataji hupanga miti kwa unene, kuanzia fito, pau, boriti na nguzo hadi banaa, hataelewa anachoambiwa hata akiwa na hojaji ya kurasa kumi.

Mwanafunzi mgeni huja na vipimo, na mzee wa Gazi ana majina na kumbukumbu. Shahada nzuri ni ile ambayo wawili hao wamesikilizana.

Safari yenyewe ilivyo

Shahada ya uzamili katika vyuo vyetu kwa kawaida hupangiwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza huwa wa masomo darasani na mitihani. Wa pili ni wa utafiti na kuandika tasnifu. Mwanafunzi hupewa wasimamizi wawili, hutetea pendekezo lake mbele ya idara, kisha huomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Akitaka kufanya kazi ndani ya mbuga, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nalo lazima likubali. Kisha hupiga hodi kwa ofisi za kaunti, kwa chifu na kwa wazee, maana kibali cha Nairobi hakimfungulii mtu boma.

Wengi hukwama baada ya darasa. Mitihani wameipita, lakini pesa za kwenda nyanjani zimekwisha, au msimamizi amehamia chuo kingine, au kijana amepata kibarua na tasnifu imelala kabatini. Miaka miwili inakuwa minne, na karo ya kuchelewa inaongezeka. Isitoshe, vyuo vingi hutaka mwanafunzi awe na makala katika jarida la kitaaluma kabla ya kuvaa joho.

Ndiyo maana mwenye swali lake mapema hutangulia wenziwe. Anapoketi darasani kusikiliza somo la takwimu, tayari anajua ni takwimu za nini atakazozihitaji. Likizo ikifika, anakwenda kuliona eneo lake.

Vyuo vipo. Egerton, huko Njoro, kina idara ya maliasili. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usimamizi wa ardhi na malisho katika bewa la Upper Kabete, na kina pia taasisi ya amani na mazingira yenye jina la Wangari Maathai. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa sehemu ya Moi kabla ya kupewa hati yake mwaka 2013, kinajulikana kwa misitu na wanyamapori. Kenyatta na Karatina nazo zina masomo ya mazingira. Kwa majirani kuna Sokoine, mjini Morogoro, na Makerere, mjini Kampala. Kwa kawaida anayeomba hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, ama la chini pamoja na uzoefu wa kazi.

Wala isidhaniwe kwamba mlango ni wa waliosomea misitu pekee. Marehemu Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971 katika chuo cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hilo, na somo lake lilikuwa maumbile ya mifugo. Alipokuwa akikusanya kupe mashambani kwa ajili ya utafiti, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba matope, akaanza kujiuliza miti ilikwenda wapi. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Mwalimu, mwanasheria, mwanauchumi au daktari wa mifugo aweza kuingia katika taaluma hii, mradi aje na jambo lililomkera macho.

Pesa na kazi

Gharama za shahada hii huwa mafungu matatu: karo, maisha ya kila siku, na nyanjani. Fungu la tatu ndilo husahauliwa. Kuna nauli, bodaboda au dau la kukodi, posho ya msaidizi anayejua njia na lugha ya hapo, na ada ya maabara. Mzazi akilipa karo hadi senti ya mwisho na kusahau nyanjani, amejenga nyumba bila paa.

Kabla ya kukopa, zitafutwe njia nyingine. Kuna ufadhili wa DAAD ya Ujerumani na wa Jumuiya ya Madola kupitia Uingereza. Kuna RUFORUM, muungano wa vyuo vya Afrika wenye makao yake Makerere, unaosaidia wanaosomea kilimo na maliasili. Kwa mambo ya bahari kuna WIOMSA, yenye makao Zanzibar. Na njia inayosahauliwa kuliko zote ni ya kumwendea mhadhiri mwenye mradi wa utafiti uliokwisha kupata fedha. Wahadhiri kama hao mara nyingi hutafuta mwanafunzi wa kuwasaidia, na humlipia sehemu ya gharama. Hapa pia, anayebisha mlango akiwa na swali lililofikiriwa husikilizwa kabla ya anayesema, "Mwalimu, chochote kitanifaa."

Je, kazi zipo? Tusidanganyane: hazimiminiki. Mashirika ya misitu, ya wanyamapori na ya maji huajiri wachache kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi ya hifadhi iliyolitegemea ilipoteza fedha na wafanyakazi. Anayesoma kwa ndoto ya gari kubwa jeupe lenye nembo mlangoni na afikirie upya.

Hata hivyo milango mingine imefunguka. Tangu 2013 kaunti 47 zina idara zao za mazingira na maji. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ikaguliwe na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, na wapo wanaojiajiri kwa kazi hiyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilizitambua hifadhi za jamii, ambazo huhitaji mameneja. Tena mwaka 2023 Bunge lilirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi ili miradi ya kaboni inayotumia ardhi iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama. Sasa wazee wanaletewa mikataba ya miongo mizima waitie sahihi. Yuko wapi mtoto wao awasomee, awaambie tani zimehesabiwaje na asilimia hiyo imetolewa wapi?

Maswali ya kuulizana nyumbani

Basi kabla hati ya shamba haijapelekwa benki, mzazi na mwana wakae waulizane kwa utulivu. Swali unalotaka kulichunguza ni lipi, na waweza kulieleza kwa sentensi moja ambayo nyanya yako ataielewa? Ni mahali gani, na umewahi kulala huko hata usiku mmoja? Ni nani atakayekusimamia, na wanafunzi wake wa awali walimaliza kwa muda gani? Pesa za nyanjani zitatoka wapi? Ukimaliza, ni nani atakayelitumia jibu lako?

Kijana akiyajibu, karo hiyo ina kazi ya kufanya. Asipoyajibu, hajashindwa. Na asubiri mwaka mmoja. Ajitolee katika kituo cha utafiti, katika kitalu cha miche, katika chama cha watumiaji wa maji au kwenye bandari ya wavuvi. Mwaka huo humwonyesha kama kazi hii ni yake, na mara nyingi humpa swali ambalo darasa lisingempa.

Na wewe mwanafunzi uliyekwisha kuanza, kuna deni moja ambalo chuo hakikudai. Watu waliokupa majina ya miti, maji ya kunywa na siku zao za kazi wanangoja kusikia ulichokiona. Tasnifu ikishafungwa jalada, rudi ukawaeleze kwa lugha yao, barazani. Mama aliyekuonyesha mahali kaa walipohamia hasomi majarida ya kitaaluma, lakini ndiye atakayeamua kesho kama mkoko ule ukatwe au uachwe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika elimu hii kuinama ni kwa kweli, tena matopeni.